Majani ya Nargisi

Januari 4

Leo nimenunua daftari hili duka la chini ya ghorofa yetu. Muuzaji nimemwambia ni la mapishi. Nimemdanganya. Ni la kuandika ninachokifanya kila siku, ili kesho nikikisahau nikisome.

Jumanne nilipotea. Nilikuwa natoka soko la maua, mahali nilipofanya kazi miaka thelathini na minane, na nilipofika darajani sikujua nigeukie wapi. Nilisimama na kikapu chenye matunguu kumi na mawili ya nargisi, yanayofanana na vitunguu na kutoa maua meupe, watu wananipita, na mji wa Zhangzhou niliozaliwa ndani yake ukawa kama mji niliouona kwenye kalenda ya mtu. Haikuchukua muda mrefu. Basi likapiga honi, nikashtuka, nikaliona paa la posta, kila kitu kikarudi mahali pake. Nyumbani mkwe wangu Qiuling akaniuliza, "Mama, mbona umechelewa?" Nikasema foleni.

Mama yangu mzazi alianza hivi hivi. Mwishowe kaka yangu alikuwa akimfunga kwenye kiti kwa kipande cha shuka kabla ya kwenda kazini. Habari ya daraja sijamwambia mtu. Sitamwambia.

Januari 5

Mwaka mpya wetu wa Kichina ni tarehe tano Februari. Tunguu likichongwa linataka karibu mwezi mzima majini mpaka lichanue, kwa hiyo leo nimeanza.

Mikono haijasahau kitu. Nimeyamenya maganda ya kahawia, nikachonga upande wa mbele tabaka kwa tabaka mpaka matumba yakaonekana yamelala ndani, meupe kama meno ya mtoto. Kisha nikakwangua kila jani ukingo mmoja. Jani lililojeruhiwa hujikunja kuelekea kwenye jeraha lake, na likikua linakuwa kama gando la kaa. Kisu kikigusa tumba, ua hilo limekwisha. Sikugusa hata moja. Nimechonga manane, manne nimeyaacha yasimame wima.

Qiuling alikuja kusimama mlangoni, mkono juu ya tumbo. Ana miezi saba. Ni mwalimu, sasa yuko likizo ya majira ya baridi, kwa hiyo tunashinda wote humu ndani tangu asubuhi mpaka mwanangu Youliang, mumewe, arudi kutoka kazini.

"Mama, mwaka huu tupunguze. Harufu yake ikianza, kichwa kitanipasuka."

"Nyumba isiyo na nargisi sikukuu hii, wapita njia watauliza nani kafa."

"Sijasema tusiwe nazo. Nimesema tupunguze."

"Nimeshachonga."

Akaondoka. Anaanza na maua yangu. Atamalizia na mimi.

Januari 6

Nimebadilisha maji. Nimeyageuza matunguu kifudifudi yatoke ule ute.

Januari 7

Nimebadilisha maji. Jua kidogo.

Januari 8

Nimebadilisha maji. Nadhani. Nilipofika kwenye roshani mabakuli yote yalikuwa na maji safi tayari, na mikono yangu ilikuwa mikavu.

Januari 11

Kisu changu cha kuchongea kilipotea siku mbili. Nimetafuta chini ya kitanda, kwenye kabati la viatu, kila mahali. Leo asubuhi Qiuling alinipa akisema alikikuta ndani ya friji, pembeni ya mayai.

"Na kilifikaje humo?" nikamuuliza.

"Sijui, Mama."

"Kisu hakina miguu. Ukitaka niache kazi yangu, niambie usoni. Usinifichie vitu kama mtoto wa shule."

Uso ukamwiva. Nilidhani atanijibu, na nilitaka anijibu. Alisema tu, "Pole, Mama," akaenda chumbani kwake akafunga mlango taratibu. Ule mlango uliofungwa taratibu umeniudhi kuliko kama angeubamiza.

Kuna kitu sikiandiki. Haya, nakiandika. Nilipokishika kile kisu kilikuwa baridi, na mkono wangu uliukumbuka ubaridi ule. Kana kwamba uliwahi kukiweka pale.

Januari 12

Nimebadilisha maji.

Januari 15

Mvua ya baridi tangu juzi. Mizizi imetoka, mirefu, myeupe.

Leo nimesikia kitu ambacho sikupaswa kukisikia. Nilikuwa roshani, dirisha la chumba chao liko wazi kidogo, Qiuling anaongea na mama yake kwenye simu. "Hapana, Mama, peke yake na mtoto haiwezekani... Hapana. Youliang hajui. Usimwambie."

Yapo mambo mangapi ya kumficha Youliang? Nimekaa na maneno hayo kutwa. Desturi ni mimi kumlea mkwe wangu mwezi mzima baada ya kujifungua, nimpikie, nimkande, nimshike mtoto. Sasa wanapanga kuniondoa. Au wanajua. Sijui lipi linanitisha zaidi.

Januari 18

Nilibandika birika nikaenda kuyatazama maua. Nilipokumbuka nilikimbilia jikoni. Birika lilikuwa limeondolewa motoni. Gesi imezimwa kwenye bomba kabisa. Kitako cha birika kilikuwa cheusi.

Qiuling alikuwa sebuleni anasoma. Hakuinua macho. Hakusema neno.

Kelele ningeziweza. Kimya hiki ndicho kinanitia baridi. Usiponigombeza maana yake huna tena la kutegemea kwangu.

Januari 19

Nimebadilisha maji. Nimeandika mkononi "GESI" kwa kalamu.

Januari 22

Nimebadilisha maji. Majani yameanza kujikunja vizuri. Matumba saba kwenye bakuli la madhabahu ya marehemu mume wangu.

Januari 23

Leo nilimwita Qiuling kwa jina la dada yangu. Aliitika.

Januari 25

Joto limekuja ghafla kama si wakati wake. Yale manne niliyoyaacha wima yamerefuka mno, majani yatalala kabla ya siku. Itabidi niyakate nusu.

Januari 30

Jana sikuandika. Naandika asubuhi hii, na nitaandika yote kwa mpangilio, kwa sababu naogopa: yakianza kunitoka kichwani, yatakayotangulia ni yale yanayonihukumu.

Jana tulikuwa tunamuaga Mungu wa Jiko, ambaye kila mwisho wa mwaka hupaa mbinguni, nyumba inafagiliwa na kila mtu ana haraka. Asubuhi alikuja Mama Hong, mama mzazi wa Qiuling, kutoka kijijini kwao ufukweni, na ndoo ya chaza. Ni mfupi, ila sauti yake inatangulia ngazini kabla ya miguu.

"Mkwe mwenzangu! Hawa walikuwa baharini wewe ukiwa unapiga mswaki!"

Hakukaa, alikuwa na safari ya kurudi. Alimshika binti yake tumbo, akaongea na mjukuu humo ndani, akamwambia asitoke mapema maana huku nje ni kufagia tu, akaondoka.

Qiuling akanigeukia. "Mama, nikaangie chaza na mayai. Kama ulivyonikaangia siku ya kwanza nilipokuja hapa."

Nilifurahi. Tangu kile kisa cha kisu hakuwa ameniomba kitu.

Nilikuwa nimeshakata majani ya yale manne marefu na kuyaweka kwenye beseni, juu ya meza ya jikoni. Nakumbuka kuyaweka. Nakumbuka nikikoroga wanga wa viazi vitamu na maji. Nakumbuka kisu kikikatakata majani mabichi juu ya ubao na mimi nikifikiri, tazama, nimeombwa kupika, bado natakiwa humu ndani. Kufungua friji kutoa majani ya kitunguu saumu sikumbuki.

Alikula sahani nzima. "Majani ya kitunguu saumu leo yana uchungu," alisema.

"Ni ya mwisho wa msimu," nikamjibu. Mimi chaza hunitoa vipele, siwagusi.

Haikufika nusu saa. Kwanza alinyamaza. Kisha jasho, kisha akakimbilia chooni na sauti iliyotoka kule sikuwahi kuisikia kwa mtu. Alitapika mpaka ikawa anatapika maji ya kijani, amepiga magoti, mkono mmoja ukutani, mwingine umeshika tumbo. "Mama, linabana," akasema. "Mama, linabana, linabana kama jiwe."

Nilimpigia Youliang. Ni fundi wa lifti, alikuwa kazini mtaa wa pili, alifika amevaa mkanda wake wa vifaa. Alimbeba mkewe ngazi zote. "Baki, Mama," aliniambia. "Utanichelewesha."

Nikabaki. Nikasafisha choo, nikafua taulo. Simu ikalia. Youliang alikuwa anapumua kama aliyekimbia.

"Daktari anasema ni chaza. Bahari ile imechafuka. Tumbo linabana kama uchungu umeanza, na mtoto bado hajafika wakati wake. Nimempigia mama yake. Nimemwambia asikanyage mlangoni kwangu tena. Muuaji mkubwa!"

"Alisemaje?"

"Alikuwa analia. Aache alie."

Nilikwenda kuchukua maji ya kunywa. Nikafungua friji. Kwenye rafu ya kati kulikuwa na fungu la majani ya kitunguu saumu, limefungwa kwa uzi mwekundu wa sokoni, halijaguswa.

Nikageuka kuangalia lile beseni. Lilikuwa tupu. Majani ya nargisi yanafanana na ya kitunguu saumu, ila ni sumu; sokoni tulimwonya kila mnunuzi.

Nilikaa kwenye kigoda. Nitaandika nilichokifikiri, kwa sababu hapa nikidanganya basi hakuna tena mahali pa ukweli. Nilifikiri: hakuna aliyeona. Nilifikiri: daktari keshapata jibu, chaza wana kosa, na Mama Hong yuko mbali. Nilimwona mama yangu kwenye kile kiti, shuka kiunoni, akinitazama nikiingia na kuniuliza mimi ni nani. Nilifikiri: nikisema, kiti hicho ni changu. Nilikaa hapo muda wa wali kuiva. Mkwe wangu akiwa hospitali na sumu yangu tumboni, mimi nilikaa.

Kilichoniinua si wema. Nilishtuka nikijiuliza, kwani nimekaa hapa nasubiri nini? Nikajua kuwa limeanza kunitoka. Nikikaa kidogo zaidi nitasahau, na Qiuling atakufa kwa kitu ambacho hakuna mtu duniani anakijua.

Nilichukua kalamu nikaandika kiganjani: NARGISI. SI CHAZA. Nikaokota mabaki ya majani chini ya ubao nikayafunga kwenye gazeti. Nikashuka, nikasimamisha teksi, nikamwonyesha dereva upande wa pili wa mkono nilikoandika jina la hospitali. Njia nzima nilikuwa nakisoma kiganja. Jasho lilikuwa linafuta wino, nikawa nayasema kwa sauti. Dereva alinitazama kwenye kioo akaongeza mwendo.

Daktari alikuwa kijana mwenye miwani. Youliang alikuwa amesimama naye mlangoni mwa wodi. Nikafungua gazeti mbele yao.

"Alikula haya," nikasema. "Ni majani ya nargisi. Nilimpikia mimi."

"Mama, unasema nini?" Youliang akasema.

"Chaza ni wazima. Nilichanganya majani. Kitunguu saumu kipo kwenye friji, hakijaguswa. Youliang, mimi nasahau. Tangu kabla ya baridi. Birika, kisu, njia ya nyumbani. Nasahau."

Daktari aliyanusa yale majani. "Bibi, ni kiasi gani?"

"Beseni dogo. Majani peke yake. Tunguu hakuna."

"Una hakika tunguu hakuna?"

Nikafumba macho nikayahesabu mabakuli ya roshani moja moja, manane ya kaa, manne ya wima. "Nina hakika."

Akamwita muuguzi, akamwambia aachane na ile dawa ya kwanza, waongeze maji ya mshipani, wausikilize moyo wa mama na wa mtoto bila kuacha. Akaingia karibu akikimbia.

Youliang alibaki amenikodolea macho. Mwanangu ana miaka thelathini na nne na sijawahi kumwona anaogopa kunisogelea. "Ungemuua," akasema polepole. "Wangekufa wote wawili, Mama." Nilitazama kiganja changu, hapakuwa na neno tena, wino mtupu.

Saa hii naandika niko nyumbani. Sijui hali yake. Hakuna aliyepiga simu. Nimepiga mara tatu haipokelewi, au mara nne.

Januari 30, jioni

Youliang amekuja kubadilisha nguo. Tumbo limeacha kubana tangu saa nne asubuhi. Mtoto anacheza. Aliyasema hayo akiwa amenipa mgongo.

Kisha akaenda roshani na mfuko wa takataka. Nilimsikia akimwaga bakuli la kwanza, mawe yakagonga sakafu. Simu yake ikalia. Alikuwa Qiuling, sauti kama uzi, akaiweka wazi.

"Unafanya nini?"

"Natupa hii sumu."

"Acha."

"Qiuling, umelazwa na dripu mkononi kwa ajili ya—"

"Nimesema acha. Yanachanua wiki ijayo. Mpe simu Mama."

Nikaishika kwa mikono miwili.

"Mama, umekula?" akaniuliza.

Yeye ndiye aliyekuwa hajala tangu jana.

Januari 31

Nimeruhusiwa kumwona. Nilimwomba msamaha nimesimama, hakunikubalia, akanivuta nikae kitandani.

"Nilijua tangu vuli," akasema. "Ulikuwa unatia chumvi mara mbili. Halafu ukaanza kumwagilia maua maji mara tatu kwa siku."

"Birika?"

"Mimi. Na siku ile ya daraja nilikuwa nyuma yako, Mama. Nilikuwa nakufuata kila ukienda sokoni. Nilikuwa ng'ambo ya barabara nakuja, ukageuka mwenyewe, nikawahi kutangulia nyumbani."

Mjamzito, katika baridi ile, ananifuata mtaani, na mimi nikirudi nyumbani namdanganya kuhusu foleni.

"Mbona hukusema?"

"Nilingoja useme wewe. Ningesema mimi, ungesema nakufukuza." Akavuta pumzi. "Na mimi nimekosea. Nilijua, na bado nikakwambia unikaangie chaza. Nilitaka ufurahi. Nilikaa sebuleni badala ya kukaa jikoni."

Wiki tatu nimeandika humu ubaya wa mtu huyu. Sitachana kurasa. Zibaki.

Februari 2

Qiuling amerudi nyumbani. Masharti yake: jikoni halipikwi jani lolote mpaka yeye alinuse. Nargisi zinakaa roshani na mlango umefungwa.

Mchana akaja Mama Hong. Safari hii hapakuwa na sauti ngazini, ilikuja miguu tu. Youliang akasimama, akainamisha kichwa mpaka kiunoni, akabaki hivyo.

"Kijana, uliniita muuaji," Mama Hong akasema. "Nimevuna chaza miaka arobaini. Hakuna mtu aliyewahi hata kuharisha."

"Nimekosa, Mama."

"Utakula ndoo nzima mbele yangu. Wabichi." Akanigeukia. "Na wewe, mkwe mwenzangu. Ungenyamaza, nani angejua? Ningezikwa na jina hilo."

"Nilinyamaza," nikamwambia. "Muda wa wali kuiva."

Alinitazama sana. "Wali tu? Mimi sijaongea na dada yangu mwaka wa kumi na nane, na sababu ilikuwa bata." Akaketi, akavua viatu. "Mtoto akizaliwa nakuja kukaa hapa. Wewe utamshika mtoto, na mimi nitakushika wewe. Sasa nani ananipa chai?"

Februari 5

Mwaka mpya. Yamechanua saba kati ya manane, na mawili ya wima. Majirani wamepewa yao na onyo. Qiuling amekaa kona ya mbali amebana pua na leso, anasema ni mazuri, ni mazuri, msifungue mlango.

Nimeisoma tena Januari 25. Mwandiko ni wangu. Kuandika siku hiyo sikumbuki hata kidogo.

Februari 12

Nimebadilisha maji. Yameanza kunyauka.

Februari 21

Leo Qiuling amenipeleka kwa daktari wa kumbukumbu. Nilivaa koti langu zuri. Njiani nilikuwa navuta miguu na yeye alijua, alinishika mkono kama anayeogopa kuteleza yeye.

Daktari ni mama wa makamo, mpole. Alinitajia vitu vitatu nivikumbuke, akaniambia nichore saa, akaniuliza ni mwaka gani, mtaa gani. Kisha akavitaka vile vitu. Nilikitaja kimoja. Nilitafuta vile viwili kila mahali, kama nilivyokitafuta kile kisu. Hakuandika chochote usoni, aliandika kwenye karatasi.

"Umekuja na nani leo, Bibi?"

Nikamtazama Qiuling. "Binti yangu," nikasema.

Daktari akaangalia faili lake. Kalamu ikasimama juu ya karatasi. "Hapa imeandikwa mkwe," akasema taratibu, si kwangu, kwa Qiuling.

"Amejibu sawa," Qiuling akasema. "Andika."

Daktari akaandika. Tuliporudi, Youliang aliuliza mambo yamekwendaje, Qiuling akamsimulia hilo, na wote wawili wakanitazama kwa namna ambayo sijatazamwa muda mrefu. Wanaamini nilikusudia.

Sijui kama nilikusudia. Nimekaa hapa najaribu kurudi kwenye kile kiti cha kwa daktari, kwenye lile swali, nione ni neno gani lililokuja kwanza, binti au mkwe. Silioni. Ila liliponitoka mdomoni, kwa mara ya kwanza tangu Januari, sikuwa naogopa.